Kwa Waziri wa Kilimo, Kaunti ya Mombasa: Mbolea Ipimwe Huku Huku

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mtongwe. Mimi ni fundi wa maabara mstaafu. Umri wangu wa kazi umeishia kwenye kuwaandalia wanafunzi bureti na pipeti, yaani mirija ya kioo ya kupimia vimiminika. Kilichonifanya nishike kalamu ni mchicha wa jirani yangu.

Mama huyo alinunua gunia la kilo 50 la mbolea ya SA (salfeti ya amonia), limeandikwa naitrojeni, chakula cha majani, asilimia 21. Akatia, akamwagilia, akangoja. Majani yakabaki manjano. Aliporudi dukani akaambiwa udongo wake ndio mbovu. Basi akaniletea mbolea yenyewe, kwenye mfuko wa sukari.

Nilipima gramu moja na nusu, nikaiyeyusha hadi mililita 250 kwa maji ya betri yaliyokenekwa, si asidi ya betri (visima vyetu vina chumvi, havifai kazi hii), kisha nikachota mililita 25. Nikatia fomalini, baada ya kuiondolea asidi yake kwanza, maana fomalini iliyokaa ina asidi ndani na ukisahau itakudanganya. Amonia ya mbolea ikikutana na fomalini huachia asidi kwa kadiri ile ile ya naitrojeni iliyopo. Asidi hiyo ndiyo nikaipima kwa sodiamu hidroksaidi (alkali, inayoua asidi) ya nguvu ya 0.1, tone kwa tone, mpaka fenolftalini, dawa ya kuonyesha asidi imekwisha, ikashika rangi ya waridi isiyopotea. Kila mililita moja ni miligramu 1.4 za naitrojeni. SA ya asilimia 21 ingekunywa mililita 22.5. Hii ilikunywa 14. Nilirudia mara tatu, nikitamani niwe nimekosea mimi. Ni asilimia 13.

Mwenye duka akasema ni unyevu wa pwani. Haya, unyevu tunao, hata chumvi ya mezani huku hugandana. Lakini ili maji peke yake yaishushe 21 hadi 13, gunia hilo lingebeba kilo 19 za maji. Lingekuwa uji. Simshtaki yeye, huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Wala sitaki uichukue bureti yangu kama hukumu. Njia ya fomalini huona amonia tu. Ukiiletea CAN (kalsiamu amonia naitreti) itakuonyesha nusu, kwa sababu nusu nyingine ni naitreti; yurea haitaiona kabisa. Kwa hizo inatakiwa njia ya Mdenmark Johan Kjeldahl, ya mwaka 1883: sampuli huchemshwa kwa asidi kali ya salfa, amonia ikatolewa kwa alkali na kukingwa, halafu kipimo kile kile cha tone kwa tone. Naitreti hubadilishwa kuwa amonia kwanza. (Kjeldahl alikuwa akitafuta protini ya nafaka za bia. Bia ni shauri lake, hesabu tumeirithi.)

Ninachoomba ni hiki, Mheshimiwa: meza moja ya kupimia kwenye ofisi yako ya kilimo, upande huu wa feri, yenye mizani nzuri, mtambo wa Kjeldahl na kijana mmoja aliyefunzwa. Mkulima alete kiganja cha mbolea kabla ya kuitia shambani, na majibu yaandikwe ubaoni mlangoni. Mwaka 2024 nchi nzima ilipiga kelele kuhusu mbolea feki ya ruzuku, na wakulima wengi walishaitia shambani kabla ya kusikia. Tangu Katiba ya 2010 kilimo ni kazi ya kaunti, hivyo sioni kwa nini tungoje. Mimi nilipouliza pa kupeleka sampuli niliambiwa Nairobi, ilhali kutoka hapa Mtongwe naziona winchi za Kilindini zikishusha mizigo ng'ambo ya maji.

Nusu ya mfuko ule sijaigusa. Nimeifunga kwenye chupa kavu, nikaandika tarehe, na mama mwenyewe akatia sahihi juu ya karatasi. Ukimtuma mtu wako aje na bureti yake, nitampisha meza.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu, Mtongwe