Hewa ya mgodini isiachiwe pua ya mchimbaji

Mhariri,

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu wala rangi. Mchimbaji huumwa kichwa, magoti yakalegea, na mara nyingi hapo keshachelewa. Methani nayo, gesi inayowaka, ikifika asilimia 5 ya hewa, cheche moja yatosha kulipua njia nzima.

Naomba vihisi vya kidijitali vifungwe kila njia ya chini, vipime gesi na mwendo wa hewa, kisha viamuru feni ziongeze kasi zenyewe. Wenye migodi hulalamikia gharama, ilhali feni ikipunguzwa kasi kwa asilimia 20 pale pasipo na watu, umeme inaotumia hushuka karibu nusu! Mkaguzi mwenye kipimo cha mkononi akipita mara moja kwa zamu, saa zilizobaki nani anaangalia?

Msomaji wako