Mheshimiwa Waziri wa Afya, mfundisheni mwanafunzi kabla ya kumwadhibu muuguzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUWAANDAA WANAFUNZI WA UUGUZI NA UKUNGA KUHIMILI UZITO WA KAZI YAO

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkunga, na kwa miaka mingi sasa nafundisha wauguzi chuoni. Malalamiko ya lugha chafu katika wodi za wazazi yanapopanda hadi kwa wakubwa, tunajua kitakachofuata: kiongozi atafika hospitali, muuguzi atasimamishwa, na wodi itabaki na mtu mmoja pungufu. Simtetei anayemtukana mama mwenye uchungu. Mama yule anastahili heshima, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina sheria ya mwaka 2010 ya kumwajibisha anayemvunjia. Ombi langu linahusu miaka mitatu iliyotangulia siku hiyo, pale muuguzi huyu alipokuwa bado mwanafunzi mikononi mwetu.

Wengi wanatujia wakiwa na miaka 18 au 19, wametoka kidato cha nne na ufaulu wao wa Baiolojia na Kemia. Muda si mrefu wanapelekwa fildi. Nyumbani walikotoka, msiba ukitokea vijana huwekwa kando, maiti hushughulikiwa na wazee. Wodini, maiti ya kwanza mwanafunzi kuigusa maishani mwake inaweza kuwa ya mgonjwa aliyemwogesha asubuhi ile ile, wakazungumza, akaulizwa kwao ni wapi. Akitokwa na machozi anaambiwa, "Jikaze, nesi halii." Kisha anatumwa akapime presha ya kitanda kinachofuata. Jioni anarudi hosteli, anaoga, anajisomea kwa ajili ya jaribio la kesho. Hakuna aliyempa pole.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo. Kwetu habari ya kifo ina utaratibu wake. Anatafutwa mkubwa wa familia, anaketishwa, watu wa kumshika wanasogea karibu kabla neno halijatamkwa. Hospitalini, saa ya asubuhi ya kuona wagonjwa, shangazi anaingia na chupa ya uji na kukuta kitanda kimetandikwa shuka nyingine. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Muuguzi wa zamu ana wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Aliye karibu ni binti mwenye sare mpya, naye ndiye anayeulizwa: "Mwanangu, mgonjwa wetu mmemhamishia wapi?"

Nimewaona wanafunzi wakijibu "subirini daktari" na kukimbilia chumba cha dawa. Nimewaona wakilitamka neno lote pale mlangoni, kwa sauti kavu, na mama wa watu akaanguka na chupa yake. Hawakuwa na roho mbaya. Zoezi hilo hawakuwahi kulifanya hata mara moja, na kila aliyepita wodi zetu anajua kwamba siku hiyo lazima ifike.

Mheshimiwa, kufundisha kwa mazoezi tunaweza, na ushahidi umetoka hapa hapa nchini. Mpango wa Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ulipojaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, wakunga walifanya mazoezi kwa mwanasesere: kumkausha mtoto, kumchochea, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Mikono ilizoeshwa mapema, na hofu ilipokuja ikaikuta tayari inajua cha kufanya.

Lakini zoezi letu la mwanasesere huishia pale mtoto anapolia. Asipolia, somo linarudiwa mpaka alie. Mwanafunzi hafundishwi dakika inayofuata, ile ambayo mama ameinua kichwa na anauliza mbona kimya. Amtazame wapi? Aseme nini kwanza? Ampe mtoto amshike, au amfunike? Na yeye mwenyewe, mikono ikitetemeka, atamalizaje zamu iliyobakiza saa sita?

Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya ukali tunaoulalamikia huota hapo. Mwanafunzi asiyejua pa kuweka huzuni na hofu yake hugundua, mara nyingi kufikia mwaka wa pili, kwamba hasira inamkinga. Ukimfokea mama, hakuulizi maswali. Ukimwita kwa namba ya kitanda badala ya jina, akifariki hutaumia sana. Hakuna anayemfundisha haya. Anayaona kwa waliomtangulia, nao waliyaona kwa waliowatangulia. Upungufu wa watumishi na wa vifaa unachochea, hilo sitalificha, na mafunzo hayatamwongezea mtu mkono wa tatu. Ila nimefanya kazi na wakunga waliobanwa na upungufu ule ule, katika leba ile ile, wakabaki na upole. Walikuwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya siku mbaya.

Najua mtaala una mawasiliano, una maadili, una hata uuguzi wa afya ya akili. Yote hayo, nikiyafundisha darasani, yanamtazama mgonjwa. Tunachokosa ni saa za mazoezi zinazomtazama mwanafunzi mwenyewe, ndani ya chumba kile kile cha mafunzo kwa vitendo, na wanasesere wale wale tulio nao. Mmoja awe muuguzi, mwingine awe shangazi mwenye uji, wengine watazame na kusema walichoona. Zoezi hilo liingie katika mtihani wa vitendo, maana kisichotahiniwa vyuoni mwetu hakisomwi.

Wodini, ningeomba kila kifo kinachotokea mwanafunzi akiwapo kifuatiwe na robo saa ya kukaa naye kabla hajaondoka zamu. Tuna vikao vya mapitio ya vifo vya uzazi, na vina faida kubwa. Katika vile nilivyohudhuria tuliulizana damu ilichelewa wapi na rufaa iliitwa saa ngapi. Binti aliyekuwa amemshika marehemu mkono hakuulizwa kama analala usiku.

Nitaambiwa hatuna wanasaikolojia wa kutosha. Ni kweli, na hatuna haja ya kuwasubiri. Zimbabwe walikuwa na uhaba huo huo. Tangu mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda na wenzake wamekuwa wakiwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kukaa na wenye sonona kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kama bibi asiye na cheti cha udaktari anaweza kujifunza kusikiliza kwa utaratibu, muuguzi mwandamizi wa wodi anaweza. Anahitaji mafunzo mafupi, na muda wake wa kusikiliza uhesabiwe kuwa kazi.

Nchi hii imeshusha vifo vya uzazi kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Waliosimama usiku kucha kwa ajili ya namba hizo ni hawa tunaowazungumza. Nataka wadumu kazini miaka thelathini bila kukauka mioyo.

Wakufunzi wa kuandaa mazoezi haya tupo, na hatuombi majengo. Tunaomba saa hizo ziandikwe rasmi katika mtaala, na barua yako iende kwa waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi wa hospitali zinazopokea wanafunzi, ili ile robo saa isionekane kuwa uvivu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkunga na mkufunzi wa uuguzi,
Kanda ya Ziwa.

Nakala: Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi.