Mhariri, tuandikieni na jina la mpigaji

Mhariri, habari za kazi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, gazeti nanunua Jumapili nikitoka misa ya pili, naanza na barua za wasomaji, halafu michezo, siasa ndo mwisho kama bado nna nguvu. Leo naandika kuhusu ile makala yenu ya muziki wa kutuliza akili, ile mliyowapanga watunzi wa zamani wa Ulaya, Bach, Mozart, Beethoven na Chopin, mkasema msomaji akichoka atafute asikilize. Nimeifurahia sikatai, maana mimi nimekulia nyumba ambayo muziki wa namna hiyo ukisikika tu redioni mama anaacha mchicha jikoni anakuja mbio kuuliza nani kafa. Ila kuna kitu mmekiruka na kimenikera wiki nzima. Mmetaja waliotunga tu, hakuna hata mstari mmoja mliosema nani anapiga.

Sasa jamani, sisi ni watu wa Tanga, mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star. Ukimwambia mtu hapa jana nimesikiliza taarab nzuri, swali la kwanza ni ya nani, kaimba nani, ni Shakila? Ukimjibu "taarab tu" atakuona umechanganyikiwa. Huyo Bach wenu kafariki 1750, hajaacha sauti yoyote, kaacha makaratasi. Kinacholia kwenye simu ni mtu mwingine kabisa aliyekaa chini na hayo makaratasi, na huyo mtu ana mkono wake, ana haraka zake, na siku nyingine ana homa.

Mimi napiga kinanda parokiani, si fundi mkubwa, nyimbo zenye alama nyingi kwenye karatasi bado zinanitoa jasho. Mapenzi ya muziki huu yalinianza na flashi. Miaka hiyo kuna kijana alikuwa anajaza nyimbo kwenye flashi kwa bei ya chapati mbili, nikamwambia niwekee za kinanda, akaniwekea lundo la vitu visivyo na jina, Track 01, Track 02, mpaka mamia huko. Kwenye lundo hilo Track 07 ilikuwa selo peke yake, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, hakuna ngoma, hakuna kuimba, mtu mmoja na nyuzi zake nne, na nyuma yake kuna mlio wa kuchemka chemka kama vitumbua vinakaangwa nyumba ya pili. Nilidhani flashi imeharibika. Nikaipiga tena. Selo kwetu si chombo kigeni, wanaofuatilia taarab ya Unguja wanaijua, ila nilizoea kuisikia ikiwa katikati ya wenzake, fidla huku, kanuni kule. Hii ilikuwa peke yake na haikuwa inaomba msaada.

Nilikaa na Track 07 zaidi ya mwaka sijui ya nani. Mwaka mzima mhariri! Nilimuuliza aliyeniuzia, akaniambia hiyo ni classical mzee, basi. Mpaka siku mwalimu mmoja mstaafu, mwenye santuri za zamani kwake, alipopita ukumbini wakati naicheza kwenye spika, akasimama mlangoni hajaingia wala hajatoka, akasema huyo ni Casals.

Ndo nikajua. Pablo Casals, mtu wa Catalonia kule Hispania, alizaliwa 1876. Akiwa na miaka 13 alikuwa anazunguka na baba yake Barcelona kwenye maduka ya muziki wa karatasi, akakuta kitabu kikuukuu cha Bach, vipande sita virefu vya selo peke yake, wakati huo watu wengi walikuwa wanavichukulia kama mazoezi ya wanafunzi. Akavichukua, akavifanyia mazoezi kila siku, na ilipita miaka 12 hivi kabla hajathubutu kupiga kimoja kizima mbele ya watu. Kuviingiza vyote kwenye santuri ni mpaka 1936 hadi 1939, vingine London vingine Paris, miaka ileile nchi yake inaungua kwa vita. Na santuri za enzi hizo upande mmoja unachukua dakika nne hivi tu, kwa hiyo mtu anapiga huku anajua sahani inakwisha. Ile sauti ya vitumbua kumbe ni sindano inakwaruza sahani. Siku hizi kuna rekodi safi kibao za vipande hivyohivyo, nimezisikiliza kadhaa, nzuri, zimepigwa na watu wenye vidole vya ajabu, ila mimi zikinyooka mno nasinzia. Casals anachubua. Kuna sehemu upinde unakwama kidogo, unasikia kama mtu anavuta pumzi kabla ya kusema jambo zito.

Sasa niambie, yule msomaji aliyefuata ushauri wenu akaandika Bach selo kwenye simu, kaletewa ipi? Inawezekana kaletewa ile ya kuwekewa mawimbi ya bahari na ndege wanalia. Akasikiliza dakika mbili akazima, akasema muziki huu sio wa kwetu. Bando lake limeliwa na Bach kachukiwa bure.

Toka siku ile tumekuwa kikundi, hatuna jina wala katiba, tuko wanne. Yule mwalimu mstaafu, dada mmoja wa famasi, fundi cherehani ambaye ni mtu wa taarab damdam, na mimi. Jumapili moja moja jioni tunakutana barazani kwa fundi, kila mtu analeta rekodi moja, kahawa kwa fundi, kashata kwa dada. Sheria iko moja, huruhusiwi kusema "hii nzuri" kabla hujataja nani anapiga na mwaka gani.

Siku nilipoleta Goldberg ya Bach ndo tuligombana kabisa. Ni wimbo mmoja mwanzoni, taratibu, halafu vinafuata vipande 30 vilivyojengwa juu ya msingi wa huo wimbo, halafu mwisho unarudi uleule wa mwanzo. Aliyepiga, kwa piano, ni Glenn Gould wa Kanada, na uzuri wake ni kwamba kairekodi mara mbili studio, zote New York. Ya kwanza 1955 akiwa kijana wa miaka 22, anakwenda kama bodaboda aliyeona trafiki, nzima inakwisha ndani ya dakika 39. Ya pili 1981, ana miaka 48, imefika dakika 51. Kweli mara ya pili alirudia rudia baadhi ya sehemu, kwa hiyo sio polepole peke yake, lakini chukua ule wimbo wa mwanzo tu, noti ni zilezile, ujanani kautumia chini ya dakika mbili na uzeeni, kama miaka 48 ni uzee, dakika tatu na kidogo.

Nikawapigia wimbo huo wa mwanzo mara mbili mfululizo bila kuwaambia kitu. Fundi alikuwa ana suruali ya mtu mapajani anakunja pindo. Ya kwanza ilipita hakuinua kichwa. Ya pili ilipofika katikati akaacha sindano imening'inia kwenye uzi, akasema huyu wa pili amefiwa. Dada wa famasi akasema hapana, huyu amesamehe. Nikawaambia ni mtu mmoja. Wakakataa! Fundi akasema mtu mmoja hawezi, nikamwonyesha kwenye simu, akasema basi kalogwa. Ile ya pili ilitoka Septemba 1982, na Gould kafariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, ana miaka 50. Nilipowaambia hilo hakuna aliyejibu, fundi akarudi kwenye pindo lake.

Halafu kuna suala la kuguna. Gould alikuwa anaimba imba huku anapiga, mafundi wa studio walishindwa kumnyamazisha, na kiti alichokalia ni kiti kifupi cha kukunja ambacho baba yake alimkatia miguu, alikibeba kila anapokwenda mpaka kikachakaa kabisa. Mke wa fundi alitoka ndani na kanga begani akatuuliza nani anaguna humo kwenye spika, mnasikiliza mgonjwa? Kwa hiyo mhariri ukimwelekeza msomaji wako kwa Gould mwambie mapema kuhusu kuguna, asije akarudisha spika dukani.

Na msidhani haya ni mambo ya mbali. Kila Krismasi na Pasaka kwaya zetu zinaimba Haleluya ya Handel, kwa Kiswahili, wengine wanaimba hawajui hata ni ya Handel. Hiyo imo ndani ya kazi ndefu, Messiah, iliyopigwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Ukiitafuta ile aliyoiongoza Thomas Beecham ya 1959 utakuta okestra nzito ina mpaka matoazi, yaani ni kama gwaride limeingia kanisani. Ukitafuta aliyoiongoza Christopher Hogwood iliyotoka 1980 utakuta watu wachache, vyombo vya aina ile ya zamani, sauti ya kwanza wanaimba watoto wa kiume, nyepesi inakimbia. Kwaya yetu miaka yote tulikuwa tunaikokota Haleluya kama gunia la mkaa, kumbe aliyetufundisha alijifunza kwenye kanda ya kaseti ya watu wazito namna ya Beecham. Niliwasikilizisha ya Hogwood kwenye mazoezi. Sauti ya nne walilalamika wanakosa pumzi, sauti ya kwanza wakafurahi, mwalimu wa kwaya akasema tutaichanganya, na tukaichanganya kweli, Pasaka ile tulianza kwa Hogwood tukamaliza kwa Beecham. Paroko aliniuliza kinanda kimepungukiwa umeme au vipi.

Dada wa famasi yeye ni mtu wa waimbaji. Ndiye aliyetuletea Marian Anderson, yule Mmarekani mweusi aliyenyimwa ukumbi Washington kwa sababu ya rangi, akaenda kuimba nje kwenye ngazi za Lincoln Memorial, Pasaka ya 1939, watu 75,000 wamesimama. Kuna sauti na picha za siku ile mpaka leo, tafuteni. Na ndiye alituambia habari za okestra ya Kinshasa ya waumini wa Kimbangu, iliyoanza 1994 chini ya Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu mwenyewe aliyeanzisha kanisa lao, mwanzoni fidla haziwatoshi, mtu anamaliza kupiga anampa mwenzake, na uzi ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli. Kondakta wao huyo, yaani anayeongoza wapigaji, simaanishi wa daladala, kazi yake kabla ya hapo ilikuwa urubani. Wanapiga mpaka simfoni ya Tisa ya Beethoven na kwaya yake yote. Hii ingekaa vizuri sana kwenye makala yenu kuliko ile picha ya mzungu wa wigi mliyoweka.

Ninachoomba si kikubwa. Mkitaja muziki huu tena, ongezeni maneno matatu manne tu, nani anapiga na rekodi ya mwaka gani, basi, haizidi upana wa tangazo la mganga. Na wasomaji wengine wenye rekodi zao wanazozipenda waruhusiwe kuzitaja humu kwenye barua, najua wapo, mtu hawezi kuwa peke yake Tanzania nzima anayesikiliza Casals kwenye foleni ya benki.

Mimi naanza. Wiki hii nimeshikwa na Dinu Lipatti, Mromania, mpiga piano. Tarehe 16 Septemba 1950 alikuwa na onyesho Besançon, Ufaransa, anaumwa saratani, daktari amemkataza, akasema watu nimeshawaahidi. Alipanga kupiga waltz 14 za Chopin, yaani vipande vya mwendo wa dansi, kapiga 13, ya mwisho nguvu zikamwishia. Inasimuliwa alirudi akapiga kipande cha Bach kifupi cha kanisani, ila hicho hakimo kwenye rekodi. Tarehe 2 Desemba akafariki, miaka 33. Rekodi ya siku ile ipo, sauti sio safi sana. Nimeisikiliza mara tano nikitafuta mahali ambapo mgonjwa anasikika na sijapaona, zile waltz zinaruka kama watoto wametoka shule.

Jumapili hii zamu ni yangu na nataka kuipeleka barazani, ila sijaamua niwaambie habari ya ugonjwa kabla au baada. Nikiwaambia kabla, fundi atalia na suruali za watu zitachelewa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga kinanda wa parokia, Tanga