Asante kwa aliyenisomea sensa ya 1851

Wewe uliyenisaidia bila hata kutaja jina, shukrani nyingi. Sensa ya Uingereza ya 1841 inampa babu wa babu yangu miaka 25, daftari la ubatizo linasema 29. Ukanieleza kwamba mwaka ule makarani waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa tano; 29 ikawa 25. Kisha ukanionyesha ile ya 1851, inayotaja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na parokia alikozaliwa. Kumbe mama yake, mjane, alikuwa akiishi nao! Mwandiko wenyewe makucha ya kuku, sijui uliusomaje. Daftari la ndoa la parokia hiyo nimeshaanza kulipekua. Mungu akuzidishie.