Arafa za kliniki ziingie kwa jina ambalo mgonjwa analijua

Mhariri,

Vituo vya afya hapa Lamu, vya serikali na vya binafsi, vimeanza kuwakumbusha wagonjwa tarehe za kurudi kwa arafa. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba nyingi huingia kwenye simu kwa jina la kampuni iliyouza mfumo wa kutuma arafa, au kwa neno kama "INFO" ambalo halimwambii mtu chochote. Mgonjwa wa Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, aliyezoea kupokea "ile pesa tuma kwa nambari hii" ya matapeli ataifuta bila kuisoma, na hana kosa. Tunaomba nafasi tuwaeleze wasimamizi wa vituo namna jina la mtumaji linavyowekwa, kwa sababu kazi hii huachiwa fundi wa kompyuta, ilhali mengi yanayoamuliwa humo si ya kompyuta.

Jina halizidi herufi 11, nafasi nazo zikihesabiwa. "HOSPITALI LAMU" ni 14. Ukilazimisha, litakataliwa au litakatwa libaki "HOSPITALI L". "KLINIKILAMU" ni 11 kamili. Tumieni herufi na tarakimu za kawaida tu, na mchague jina ambalo watu hukiita kituo mtaani, si lile refu la kwenye leseni.

Jina la kitengo lisitumike kabisa. Jina la mtumaji hutokea kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, na simu za kwetu hazikai mfukoni mwa mtu mmoja: iko barazani inachajiwa, au mtoto anachezea gemu. Ikiingia arafa ya "KIFUAKIKUU" au "CCC" (kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI), kichochoro kizima kimeshajua kabla ya mwenyewe. Liwe jina la kituo kizima, na maneno ya mwanzo ya arafa yasitaje ugonjwa wala dawa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Kanuni za 2021 nazo zinamtaka kila anayetoa huduma kwa wagonjwa ajisajili kwa Kamishna wa Data, hata kama ni kliniki ya chumba kimoja. Wakala anayewatumia arafa awe na mkataba wa maandishi nanyi. Maelewano ya mdomo hayatoshi.

Usajili wa jina hufanywa kwa kila kampuni ya simu peke yake: Safaricom, Airtel na Telkom. Kwa kawaida wakala ndiye hupeleka maombi, nanyi humpa barua yenye nembo ya kituo, sahihi na muhuri, nakala ya cheti cha usajili, na mfano wa arafa mtakazotuma. Angalieni mambo mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza, jina liandikishwe kuwa mali ya kituo. Likiandikishwa kwa wakala, siku mkataba unapokwisha ataondoka nalo, nanyi mtaanza upya na wagonjwa walioshalizoea. La pili, jina liingie kundi la taarifa, lisiingie kundi la matangazo. Wako wengi waliobonyeza *456*9*5# kwenye Safaricom ili wasisumbuliwe na matangazo ya bahati nasibu. Jina lenu likiwa kundi hilo, ukumbusho wa chanjo ya mtoto utazuiwa pamoja na hayo matangazo, na kliniki itabaki inalaumu akina mama kuwa hawajali.

Jina likishapita, nunueni laini tatu, moja ya kila kampuni, mjitumie arafa na muitazame kwa macho. Jina linaloonekana sawa Safaricom laweza kutokea kama nambari tupu kwenye Airtel, au arafa isifike kabisa. Ripoti ya "imetumwa" isiwatulize. Tafuteni ile ya "imefika".

Mtumaji mwenye jina hajibiwi. Mgonjwa akiandika "sitaweza kuja", maneno yake hayaendi popote, na simu nyingine hazitamwambia kuwa hayakwenda. Kwa hiyo ndani ya arafa lazima iwemo nambari ya kupiga, nayo iwe ya simu inayokaa kituoni. Ikiwa ya muuguzi mwenyewe, akihamishwa Witu itahama naye.

Arafa yenyewe yaweza kuwa hivi: "Fatma, tarehe yako ya kurudi ni Jumanne 12/5 saa 3 asubuhi. Tafadhali njoo na kadi. Kubadilisha piga 07XXXXXXXX. Hatuombi pesa kwa arafa." Hizo ni herufi 137 pamoja na nafasi, na arafa moja hubeba 160. Lakini hapa kuna mtego unaokula bajeti kimyakimya. Kile kikoma cha juu kwenye ng' kina sura mbili: kilichonyooka na kilichopinda. Programu za kuandikia barua hupenda kukipindisha. Jina la Ng'ang'a wa Mpeketoni likinakiliwa kutoka huko likiwa na vikoma vilivyopinda, arafa nzima hubadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Arafa ya herufi 150 sasa itatozwa kama tatu. Vijipicha vya tabasamu vina madhara hayohayo. Mwambieni fundi aweke amri ya kunyoosha vikoma vyote kabla ya kutuma.

Kubwa zaidi ni saa. Mfumo uliotengenezwa na mtu asiyefikiria Kiswahili utachukua 09:00 ya kompyuta na kuandika "saa 9:00". Mgonjwa wa Faza atafika saa tisa alasiri, akute daktari kaondoka na boti ya kurudi imeondoka. Chukueni saa ya kompyuta, ile ya 24, mtoe sita: 9 inakuwa saa 3 asubuhi, 14 inakuwa saa 8 mchana. Neno la asubuhi au mchana lisikose. "Kesho" nayo isiandikwe, kwa kuwa simu iliyozimwa jana itaipokea leo. Andikeni siku na tarehe.

Boti za Pate hungojea maji kujaa, kwa hiyo ukumbusho wa usiku wa kuamkia kliniki haumfai mtu wa huko. Siku mbili kabla ndiyo kiasi, na mwingine wiki moja kabla kwa anayehitaji kutafuta nauli. Mvuvi aliye dago, kambi ya uvuvi, hana mtandao, na arafa yake hungoja kwenye kampuni ya simu hadi muda wake wa kuishi uishe, kisha hupotea. Muda huo mwaweza kuuweka wenyewe kwenye mfumo. Uishe asubuhi ya siku ya kliniki, usiishe kabla wala baada.

Orodha ya nambari nayo ina vituko vyake. Jedwali la kompyuta hufuta sifuri ya mwanzo, 0712 ikawa 712. Na mkiandika kuanzia 254, nambari ya tarakimu 12 hugeuka kuwa kitu kama 2.54712E+11, ambacho mkikihifadhi hivyo kwenye faili la maandishi matupu (CSV) hakirudi tena. Fanyeni safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza nambari ya kwanza. Hakikisheni pia mfumo unakubali nambari zinazoanza na 01. Ya zamani huzikataa kana kwamba ni makosa. Na kila mgonjwa anapofika dirishani aulizwe, hata kama alikuja mwezi jana: nambari hii bado ni yako, na nani mwingine huishika? Laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayekuwa anasoma tarehe za kliniki za mwenzake.

Wahudumu wa kumbukumbu za wagonjwa,
Mkomani, Lamu