Leza ya moyo: kabla hujauza shamba, pita upimwe kwanza

Wiki hii watu watatu wameingia hapa kituo cha afya na simu mkononi, swali lilelile: "Ile leza ya kutoboa moyo mnayo?" Hatuna. Tuna kipimo cha presha, cha sukari, na mashine ya umeme wa moyo.

Lakini tuieleze, maana video zinazozunguka zinasimulia nusu tu. Ni tiba ya maumivu ya kifua yanayotokana na mishipa ya moyo iliyobana. Daktari anapasua sehemu ndogo kati ya mbavu, upande wa kushoto. Moyo hausimamishwi. Kwa leza anautoboa ukuta wake matundu 20 hadi 40, kila moja upana wa milimita 1 hivi, kisha anabonyeza kwa kidole hadi damu igande kwa nje. Marekani waliiruhusu mwaka 1998, wakitarajia damu ipite humo kama maji mferejini. Baadaye ikaonekana matundu yanaziba! Wapo wanaopata nafuu, huenda kwa sababu leza inaunguza neva za maumivu au inachochea vimishipa vipya kuota, lakini haijathibitika kwamba inarefusha maisha. Mwaka 2009 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilishauri isitumike. Na hata kwingineko, ni ya mgonjwa ambaye dawa hazimtoshi, na mishipa yake haifai kuzibuliwa wala kupandikizwa.

Wengi wanaotuuliza hata hiyo dawa ya kwanza hawajaandikiwa.

Yupo mzee mmoja, akipanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga lazima asimame chini ya mwembe. Anasema ni kama gunia la mihogo limewekwa kifuani. Akipumzika dakika chache linaondoka. Miezi kadhaa alikunywa dawa za vidonda vya tumbo. Tulipompima amelala, mashine ya umeme wa moyo ilichora vizuri tu. Hilo halikututuliza, kwa sababu mshipa uliobana unaweza kujificha mtu akiwa ametulia. Tukamwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Maweni, na huko ndiko wataamua kama anahitaji kufika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ukija kwetu, njoo na dawa zako zote, hata zile za kienyeji, hatugombi. Ila kifua kikibana zaidi ya dakika 15, na jasho jembamba likikutoka, usipite hapa. Nenda Maweni moja kwa moja. Sisi tunafunga saa kumi na mbili jioni, wao hawafungi.