Breki na miguu ya gari la zamani ni kazi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa magari wa Mwanza hulishika kwa mikono yetu kila siku, ilhali magazetini hutajwa baada ya ajali tu, tena kwa maneno machache: gari lilifeli breki. Maneno hayo hayaelezi kitu. Ni mara chache sana breki za gari lililotunzwa kukatika ghafla bila dalili yoyote. Kwa kawaida huwa zimelalamika kwa wiki au miezi, na katika gari lenye umri wa miaka 20 na kilomita 300,000 sehemu kubwa ya malalamiko hayo hutoka kwenye springi, shokapu, bushi (mipira inayokaa kati ya vyuma vya viungo) na viungo vyake, yaani miguu ya gari, mahali ambapo mwenye gari hategemei fundi atazame. Hoja yangu ni kwamba katika gari la namna hiyo breki na miguu ni kazi moja, na kwamba tabia yetu ya kutengeneza kimoja huku tukikiharibu kingine ndiyo inayotuletea misiba.

Magari mengi tunayoyatumia hapa yameshatumika Japani kabla ya kufika kwetu, kwa kuwa huko nako usukani uko kulia na watu huendesha upande wa kushoto. Mnunuzi hutazama kilomita kwenye dashibodi na kufurahi akikuta ni chache. Kilomita ni habari nzuri kwa injini, lakini mpira huzeeka kwa miaka na si kwa kilomita peke yake. Bushi za wishiboni (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu), mipira ya breki inayopeleka mafuta kwenye kila gurudumu na sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zilizo ndani ya silinda hukauka na kupasuka hata gari likiwa limesimama uani. Kwa hiyo gari la mwaka 2004 lenye kilomita 90,000 linaweza kuwa na miguu iliyochoka kuliko lile la mwaka 2012 lililotembea mara mbili yake, na anayelinunua inafaa alinunue akiwa ametenga fedha za vitu hivyo.

Uhusiano wa breki na miguu ni rahisi kuuona mtu akikumbuka kwamba kinacholisimamisha gari mwishoni ni tairi kushikana na barabara. Shokapu iliyokufa huliacha tairi liruke-ruke kwenye kila shimo na kila bonde la lami, na tairi lililo hewani halisimamishi chochote, hata pedi zinazobana diski ya breki zikiwa mpya kiasi gani. Bushi ya wishiboni iliyochanika nayo huliruhusu gurudumu lisogee nyuma pale dereva anapokanyaga breki, na gari huvuta upande mmoja. Mteja huja akisema breki inavuta, anabadilishiwa pedi, anaondoka, na baada ya muda mfupi anarudi na lalamiko lile lile, safari hii akiwa amekwisha kuamini kwamba gari lina mkosi. Kuvuta upande mmoja kunaweza kusababishwa na pini za kalipa (kibanio cha pedi) zilizoshika kutu, na mpira wa breki ulioziba kwa ndani, na bushi, na boljointi (kiungo cha duara kinacholiruhusu gurudumu kugeuka), na hata upepo wa matairi usiolingana. Fundi anayeuza pedi kabla ya kuvikagua vyote hivyo anabahatisha kwa fedha za mwingine.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo ni kunyanyua magari. Pikapu zinazobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, pamoja na mabasi madogo yanayokwenda Magu, Misungwi na Sengerema, huongezewa majani ya springi nyuma ili yabebe zaidi ya uwezo wake bila kulala. Magari madogo ya nyumbani nayo huwekewa vipande vya mpira au chuma juu ya springi ili yasikwaruze mawe. Mwenye gari huona limesimama vizuri na kuridhika. Asichokiona ni kwamba pikapu nyingi na baadhi ya mabasi ya zamani, yale yaliyotengenezwa kabla kazi hiyo haijachukuliwa na kompyuta, yana vali ndogo iliyofungwa kwenye chasisi (fremu ya gari) karibu na ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu, ikiwa na fimbo inayoiunganisha na ekseli hiyo. Kazi ya vali hiyo ni kupima mzigo kwa kufuata umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali hupunguza nguvu ya breki inayokwenda nyuma ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kulizungusha gari. Likipakiwa, chasisi hushuka, fimbo husogea, na vali huachia nguvu zaidi.

Ukiongeza majani ya springi, chasisi haishuki tena kama ilivyokusudiwa. Gari limebeba magunia hadi juu, lakini vali bado inadhani ni tupu, nayo inaendelea kuzinyima breki za nyuma nguvu yake wakati ambapo uzito mwingi uko nyuma. Sehemu kubwa ya mzigo wa kulisimamisha gari huangukia pedi za mbele, ambazo hupata joto kupita kiasi na kuisha haraka, na mwenye gari hulaumu ubora wa pedi. Nimekuta pia magari ambayo fimbo hiyo imekatwa kabisa, au vali imezungukwa kwa bomba la moja kwa moja kwa sababu ilikuwa ikivuja na mpya ni ghali, na hapo hatari hugeuka upande wa pili: siku ya mvua, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hujifunga na gari hutangulia kwa mkia. Ninakubali kwamba barabara zetu ni mbaya na biashara haisubiri. Hata hivyo, ukiongeza springi hujaongeza breki, kwa kuwa diski na dramu (ngoma za breki) ni zile zile zilizotoka kiwandani kwa uzito uliopangwa.

Joto nililolitaja linanipeleka kwenye mafuta ya breki, ambayo nadhani ndiyo kitu kinachopuuzwa zaidi katika gari zima. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kadiri yanavyofyonza ndivyo yanavyochemka mapema. Viwango vinavyojulikana ni kwamba mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho hushuka hadi 140; kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli huenda hadi chini bila gari kusimama. Baada ya dakika kadhaa yakipoa, breki hurudi, na ndiyo maana mkaguzi anayelipima gari saa mbili baada ya ajali anaweza kulikuta na breki nzuri kabisa na kumgeuzia dereva lawama yote. Mafuta haya yabadilishwe walau kila baada ya miaka miwili, yote, na hewa itolewe gurudumu moja baada ya jingine, badala ya kuongeza kidogo juu ya yale meusi yaliyomo. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni miezi mingi haifai tena. Na asitokee mtu wa kujazia mafuta ya injini au ya usukani pale anapokosa ya breki, kwa sababu mafuta hayo huvimbisha sili za mpira na kuuharibu mfumo mzima kuanzia silinda kuu hadi kwenye magurudumu.

Jiji hili limejengwa juu ya miamba, na barabara za kupanda Bugando, Isamilo au Mabatini hazihitaji maelezo kwa mtu anayeishi hapa. Kushuka huko kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote ni kuyapika mafuta yale. Dereva ashuke kwa gia ndogo na kuiacha injini imzuie. Lakini hata tambarare kuna jambo jipya. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, gari linalokwenda Sengerema na Geita halisubiri tena kivuko pale Kigongo, jambo ambalo sote tumelishukuru, ila magari mabovu yamepoteza mapumziko yaliyokuwa yakiyapoza katikati ya safari. Mwendo nao umeongezeka. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda kilomita 40, na karibu yote lazima igeuke joto kwenye diski na dramu kabla halijasimama.

Kuna kitu kingine ambacho kila abiria wa Mwanza amekiona: konda anayeruka chini na jiwe mkononi gari linaposimama mlimani. Watu wamelizoea jiwe hilo hadi halishangazi mtu. Kwa fundi, jiwe hilo ni taarifa kwamba hendibreki haifanyi kazi, na kwa kuwa katika magari mengi ya aina hiyo hendibreki hutumia shuu (vibao vya breki vinavyosukumwa dhidi ya dramu) zile zile zilizo ndani ya dramu za nyuma, huenda hata breki za kawaida za nyuma zimekwisha, au kirekebishi chake kimeganda kwa kutu, au sili ya ekseli inavuja na kulowesha shuu kwa mafuta. Shuu iliyolowa mafuta haisafishiki kwa petroli wala kwa msasa. Inatupwa, na sili inabadilishwa kwanza.

Najua jibu la wateja wengi: fundi, weka pedi tu, hali ni ngumu. Ninaielewa hali hiyo, na sisemi kila kitu kinunuliwe kipya. Springi ya mtumba isiyo na ufa, habu (kitovu cha gurudumu) au kalipa ya mtumba iliyofunguliwa na kuwekewa sili mpya, vinaweza kutumika kwa miaka. Lakini mpira wa breki wa mtumba, shokapu ya mtumba na bushi ya mtumba ni kununua uzee wa gari jingine. Diski nayo ichongwe ikiwa tu bado ina unene wa kutosha. Kiwango cha chini kwa kawaida kimeandikwa kwenye diski yenyewe kwa milimita, na fundi asiye na kipimo hawezi kukukisia kwa jicho. Pedi ikifika milimita 3 imekwisha, hata kama bado haijaanza kupiga kelele.

Katika ufungaji nako kuna mambo yanayomaliza fedha bure. Shokapu, pedi na diski hubadilishwa pande zote mbili za ekseli moja kwa wakati mmoja, kwa sababu upande mpya na upande mzee havilingani nguvu. Boliti za bushi za wishiboni zinapaswa kukazwa mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki huku magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejisokota muda wote na huchanika mapema, kisha lawama huenda kwa aliyeuza spea. Baada ya kubadilisha wishiboni, boljointi au tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), gari lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, kwani tairi linaloliwa upande mmoja litagharimu zaidi ya alaimenti yenyewe.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye magari: mwambieni fundi awaoneshe na kuwakabidhi spea iliyotolewa, na aandike kwenye risiti ni kitu gani kilibadilishwa, upande gani, na kilomita zikiwa ngapi. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia, na yule asiye na cheti ila ana ujuzi wa miaka mingi anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuurasimisha, jambo ambalo litamlinda yeye pia siku atakapoulizwa.

La pili ni kwa wanaokagua magari ya abiria na mizigo, iwe ni kwa ajili ya leseni za usafirishaji au stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Taa, honi, vioo na mkanda vinaonekana gari likiwa limesimama kando ya barabara, lakini bushi, mipira ya breki na vali niliyoieleza hazionekani hadi mtu aingie chini yake. Mkoa huu una gereji zenye mashimo na mitambo ya kunyanyulia magari ambazo zinaweza kutumika kwa makubaliano, hata kama ni kwa kuanzia na mabasi madogo na pikapu za mizigo peke yake. Mkaguzi aanze na springi za nyuma, na akikuta majani yameongezwa, aulize fimbo ya vali iko wapi na imefungwa kwenye nini kabla hajatoa stika.

Wako,
Fundi wa magari,
Nyakato, Mwanza